Meno na Wembe

Kwa miaka tisa, kila mtu aliyefika kwenye ofisi ile ya ardhi kutafuta jalada la kiwanja chake aliambiwa: "Nenda kwa Bi Faili." Jina la kwenye vyeti vyake lilikuwa lingine, ila hakuna aliyelikumbuka. Alikuwa karani wa masjala, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mnene kiasi, mwingi wa utani, mwenye kichwa kilichohifadhi namba kuliko daftari. Ungemtajia jina la marehemu babu yako, naye angekwenda kabati la tatu, rafu ya chini, akarudi na jalada kabla hujamaliza kujifuta jasho.

Kasoro yake ilikuwa droo. Droo ya pili ya meza yake haikuwa na karatasi hata moja: biskuti, karanga, krispi, peremende za kifua ambazo hakuwa na kifua cha kuzihitaji. Asubuhi hakuigusa, maana watu walijaa kaunta na mikono yake ilikuwa na kazi. Balaa lilianza saa nane mchana. Watu wakipungua, masjala ilinyamaza, feni ikawa inazunguka kama inayosinzia, na mikono ile ikawa haijui pa kwenda. Ikaenda kwenye droo. Nyumbani nako mambo yalikuwa yale yale. Tangu mumewe afungashe mabegi mawili akahamia kwa mwanamke mwingine, jioni zilirefuka, na bakuli la bisi halikukaa mbali.

"Dada, wewe huna njaa," mdogo wake alimwambia siku moja. Huyo mdogo wake alikuwa muuguzi, na walikaa pamoja. "Wewe una saa nyingi mno. Ndizo unazozitafuna."

Bi Faili akacheka, akachota bisi nyingine.

Jumatatu moja, kaunta ikiwa imefurika, alifika mama mmoja wa makamo, mjane wa fundi seremala. Alisimama kwa zamu yake bila kusukuma mtu.

"Shikamoo mama," Bi Faili alimsalimu.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuangalia jalada langu. Kuna mtu anadai kiwanja changu ni chake. Marehemu aliandika pingamizi humu ofisini, akajibiwa, ila barua ya nyumbani siioni. Nataka nijue kama barua zipo, maana kikao kinakaribia."

Bi Faili alikwenda kabati la tano. Mahali pa jalada palikuwa pengo. Alikuwa bado amelikodolea pengo lile macho aliposikia sauti nyuma yake.

"Hilo ninalo mimi."

Alikuwa Mkuu wa Masjala, bwana mrefu, mkavu, wa viatu vya kung'aa na maneno ya kung'aa. Kila mtu alimwita Mkuu, na yeye aliitika kama aliyezaliwa na cheo hicho. Alikuja hadi kaunta, akalifungua jalada mbele za watu. Katikati, mahali palipopaswa kuwa na kurasa, palibaki vipande vilivyochanika ovyo kwenye mshono. Chenga za biskuti zikamwagika juu ya kaunta.

"Kurasa nane," Mkuu alisema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Kumi na nne hadi ishirini na moja. Zimeliwa na panya. Na panya wanafuata nini masjala? Karatasi kavu? Subirini."

Akaenda kwenye meza ya Bi Faili, akaichomoa droo ya pili nzima, akarudi nayo, akaipindua. Pakiti zikaporomoka. Karanga zikatawanyika, peremende zikabingirika hadi miguuni mwa watu.

"Ndugu zangu, msitulaumu," Mkuu akasema. "Panya wa kawaida tunawatega. Sasa huyu tutamtega vipi? Huyu ni panya buku! Anakula mabuku yenu!"

Kaunta nzima ikaangua kicheko. Makarani wakacheka. Hata tarishi wa ofisi, ambaye kila siku aliomba karanga kutoka droo ile ile, alicheka huku ameziba mdomo kwa bahasha. Bi Faili alisimama kama aliyevuliwa nguo sokoni. Ila kicheko angekivumilia. Kilichompasua moyo ni yule mjane, ambaye hakucheka. Alimtazama tu, akauliza polepole:

"Mwanangu, ndiyo umeila nyumba yangu?"

Bi Faili akainama kuziokota peremende. Yeye mwenyewe aliamini kwamba ni kweli.

Barua ya onyo ilitoka siku ile ile, na kikao cha kiwanja kikaahirishwa kwa miezi mitano. Ijumaa, wafanyakazi walipokutana kunywa chai, Mkuu alitangaza kwamba Bi Faili anahamishiwa stoo ya nyuma, chumba cha makabrasha ya zamani. Kisha akamkabidhi zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya maua. Ndani mlikuwa na mtego wa panya.

"Ujihadhari usije ukajitega," Mkuu akasema, na watu wakacheka tena.

Stoo ya nyuma ilikuwa na dirisha moja, meza moja ya mguu mfupi, na milima ya makaratasi ambayo hakuna aliyeyafungua kwa miaka. Bi Faili akautundika mtego ukutani, mahali ambapo angeuona kila akiinua kichwa. Jina la Bi Faili likafa. Hata mafundi waliokuja kurekebisha taa walimwita Panya Buku, nao hawakujua hata asili yake.

Wiki mbili za kwanza alikula kuliko zamani. Kule nyuma hapakuwa na asubuhi wala mchana. Siku nzima ilikuwa saa nane. Alikula na kuwaza, akawaza na kula. Katika mawazo hayo alimwona Mkuu akiteleza ngazini. Alimwona amefukuzwa, viatu vyake vimepauka vumbi, anaomba kalamu ya kuazima na hakuna anayempa. Kila biskuti aliitafuna kama shingo ya mtu. Jumapili moja tumbo likamgeuka, akatapika hadi akalala sakafuni, na mdogo wake akamkuta hapo.

"Endelea," mdogo wake alisema huku akimfuta uso kwa kitambaa chenye maji, kwa ukali wa wauguzi. "Jimalize. Mkuu wako atakuja mazishini na suti nyeusi, atasimama mbele ya watu na kusema: niliwaambia."

Maneno yale yalimwingia Bi Faili kuliko dawa yoyote. Alikaa kitako palepale sakafuni.

"Hatasema," akajibu. "Nitakaa hai hadi mimi ndiye niseme."

Hivyo hakuacha kutafunatafuna kwa sababu ya afya, wala kwa sababu ya kioo. Aliacha kwa sababu ya chuki, na chuki ikiwa na nia huwa na nidhamu ya askari. Shida ilikuwa saa. Saa hazikupungua hata moja. Alijaribu kufuma, akafuma soksi moja ikatoka kama mfuko wa vitunguu, akaitupa. Alijaribu kuzunguka jengo kwa miguu. Kila dirisha lilikuwa na mtu wa kumwita panya. Alijaribu chemshabongo za magazeti ya zamani mle stoo, akakuta mtu wa miaka hiyo alishazijaza zote, tena kwa makosa.

Siku moja, katika rundo la vitu vya kuharibiwa, alilikuta lile jalada la mjane. Mkuu alikuwa amelitupa huko pamoja naye. Bi Faili akalishika kama mtu anayemshika maiti mkono. Akapata wazo: angelitengeneza. Angelishona upya hadi lipendeze, alibwage juu ya meza ya Mkuu na kumwambia, haya, panya amerudisha. Hakikuwa kisasi kikubwa, ila mwenye njaa hachagui tonge.

Mjini palikuwa na duka dogo la kujalidi vitabu, nyuma ya duka la madaftari. Mwenyewe aliitwa Mama Gundi, mwanamke wa rika la Bi Faili, mwembamba, wa sauti nzito, ambaye vidole vyake vilikakamaa kwa gundi na nta. Alilipokea jalada, akalinusa, akaliinua kwenye mwanga.

"Nani ameishika karatasi hii huku anakula karanga?"

Bi Faili akainamisha kichwa. Alama za vidole vyake zilionekana wazi, madoa ya mafuta kama mapeni.

"Mimi."

"Nilidhani. Sasa sikia, bibi. Mimi sitengenezi kitu cha mtu ambaye atakwenda kukiharibu tena. Ukitaka litengenezwe, jifunze mwenyewe. Jumamosi asubuhi. Mikono mitupu, mikavu, misafi. Siku nitakapoona doa la mafuta kwenye karatasi yangu, nakutoa kwa fagio, na fagio langu halichagui pa kupiga."

Jumamosi Bi Faili alifika kabla duka halijafunguliwa.

Alifundishwa kukunja karatasi kwa kijiti laini hadi mkunjo ulie. Alifundishwa kupika gundi ya unga isiyo na vidonge, kupaka nta kwenye uzi, kutoboa matundu kwa msumari mwembamba bila kuupasua mgongo wa kitabu, kushona kurasa kwa mafungu na kuzibana kwenye jiliwa la mbao hadi zikubali kukaa pamoja. Mama Gundi hakuwa na sifa za kugawa. Akiona kazi mbaya alifumua uzi wote kwa mkupuo mmoja na kusema, "Anza." Siku ya kwanza alisema hivyo mara kumi na moja.

Jumatatu Bi Faili alikwenda stoo na sindano, uzi, kopo la gundi na kipande cha sabuni. Saa nane ilipofika, mdomo ukaanza kuwasha kama kawaida yake. Akatazama kopo la gundi. Akajiambia: nikila, nioshe mikono, nikaushe, nisubiri; afadhali nimalize fungu hili. Akamaliza fungu. Alipoinua kichwa, ilikuwa saa kumi na nusu na tarishi anafunga milango.

Ikawa ndiyo kawaida. Mle stoo mlikuwa na maelfu ya nakala za barua zilizotoka ofisini, zimefungwa kwa kamba na kusahauliwa, mwaka huu juu ya mwaka ule. Akazipanga kwa tarehe, akazishona, akazijalidi, buku moja baada ya jingine. Nyumbani alianza kujalidi madaftari ya mapishi ya majirani, kitabu cha nyimbo cha kwaya, albamu ya mdogo wake iliyoachana. Bakuli la bisi likahamia juu ya kabati, likapata buibui. Na msidhani alikuwa ametulia. Kila tundu alilotoboa alimtoboa Mkuu. Kila fundo alilokaza lilikuwa shingoni mwa Mkuu. Alishona kwa furaha kubwa.

"Dada, unacheka na nani?" mdogo wake alimuuliza jioni moja.

"Nacheka na uzi."

Mwezi wa tatu tangu ahamishwe, Mama Gundi alimpa kazi ngumu dukani: buku la kanisa moja lililoliwa na panya, panya wa kweli.

"Kabla hujashika sindano, tazama kwanza," Mama Gundi akasema. "Karatasi iliyoumwa lazima uijue imeumwa na nini. Ona ukingo huu. Umeliwa kwa vijipinde, mbili mbili, ndiyo meno yake ya mbele. Anaanza pembeni, na hachagui. Anakula jalada, anakula kurasa, anakula uzi. Anaacha manyoya ya karatasi, anaacha na mkojo. Nusa."

Bi Faili akanusa, akakunja uso. Kisha akaupapasa tena ukingo ule kwa kidole, akasimama.

"Vipi?"

"Nipe ruhusa niende nyumbani mara moja."

Alirudi anahema, na jalada la mjane kifuani. Wakaliweka kando ya buku la kanisa. Jalada la nje halikuwa na hata mkwaruzo. Ukurasa wa kumi na tatu ulikuwa mzima, wa ishirini na mbili mzima. Hapakuwa na vijipinde, hapakuwa na manyoya ya karatasi, wala harufu. Mama Gundi akachukua kioo cha kukuzia, akainama juu ya vipande vilivyobaki kwenye mshono. Akapitisha ukucha kwenye ukurasa wa ishirini na mbili, karibu na mgongo, ukucha ukaingia kwenye mstari mwembamba ulionyooka.

"Huu ni wembe," akasema. "Amekata kwa wembe, akakandamiza mno, ukaacha alama kwenye karatasi ya chini. Halafu akachanachana kingo kwa vidole, zionekane kama zimetafunwa. Shoga yangu, panya gani anafungua jalada, anakula kurasa nane za katikati, anafunga na kuondoka?"

Bi Faili aliketi. Alikumbuka macho ya mjane. Miezi mitatu alikuwa amebeba dhambi ya mtu mwingine, ameilalia, ameamka nayo. Ile hasira yake ya zamani, ya mtego na kicheko, sasa akaiona kama moto wa kibiriti. Hii mpya ilikuwa tanuri.

Siku iliyofuata alianza kutafuta. Hakutafuta muda mrefu, kwa kuwa nakala zote alizipanga kwa mikono yake na alijua kila mwaka unakaa wapi. Katika buku la nne alizikuta: nakala ya barua ya ofisi ikikiri kupokea pingamizi la fundi seremala, na nakala ya barua ya pili iliyothibitisha kwamba kiwanja ni chake na namba ya hati yake ni hii. Zote zilikuwa na mihuri na sahihi za mkubwa aliyekwisha kustaafu. Mkuu alikuwa ameziondoa barua zilizokuwa jaladani. Habari ya nakala za stoo hakuijua, kwa sababu hakuwahi kuingia stoo ya nyuma kwa zaidi ya dakika moja. Aliogopa vumbi kwa ajili ya viatu.

Sababu aliipata kwa tarishi, ambaye haya ya kicheko chake ilikuwa bado inamsumbua.

"Yule anayedai kiwanja cha mama wa watu," tarishi alinong'ona, "ni shemeji yake Mkuu. Kaka wa mkewe. Sikukwambia mimi."

Jioni hiyo alimweleza mdogo wake kila kitu. Mdogo wake akashika kichwa.

"Dada, mpelekee Mkaguzi wa makao makuu kesho asubuhi, kimyakimya. Wamhamishe, mama apate haki yake, yaishe."

"Yaishe kimyakimya?" Bi Faili akatoa macho. "Mimi alinivua kimyakimya? Alinivua Jumatatu, kaunta imejaa, watu wamekuja na watoto. Nami nitangoja kikao. Nitangoja chumba kijae. Nataka kiti kisibaki kitupu."

"Na huyo mjane analala vipi miezi miwili yote hii?"

Bi Faili akauchukua uzi, akaanza kuupaka nta. Swali lilikuwa la haki, na alijua. Kesho yake alipanga kwenda kwa mjane kumtuliza moyo, akafika hadi kona ya mtaa wake, akaona mlango umefunguliwa na mama anafagia kibaraza. Akageuka. Angemwambia, mama angefurahi, angemwambia jirani, jirani angemwambia shoga yake, na Mkuu angejua kabla ya jua kuzama. Alimwacha mjane na hofu yake miezi miwili mingine ili kisasi chake kisichuje. Lilikuwa jambo baya, naye alilitenda akilijua.

Wiki moja kabla ya kikao, Mkuu alifika stoo. Alisimama mlangoni akiangalia mabuku yaliyopangwa ukutani kama askari wa gwaride. Mkononi alikuwa na kopo kubwa la biskuti za siagi.

"Umejitahidi," akasema kwa sauti laini ambayo Bi Faili hakuwahi kuisikia. "Mimi na wewe tumetoka mbali. Kikao kikiisha nafikiria kukurudisha kaunta. Karibu biskuti."

Akafungua kopo. Harufu ya siagi ikajaa chumba kidogo kile. Mate yakamjaa Bi Faili mdomoni, ulimi hausahau. Mikono ilikuwa na gundi. Akavuta uzi, akakaza fundo.

"Asante Mkuu. Nikishika mafuta, kazi itaharibika."

"Sawa, sawa. Sasa, lile jalada lililoliwa. Halina faida tena. Litie kwenye orodha ya kuteketezwa wiki hii, kabla ya kikao."

Bi Faili akakata uzi. Uso wake ukabaki wa mjinga kamili.

"Ndiyo Mkuu. Ila nina onyo moja tayari. Niandikie hapa kwamba umeagiza lichomwe, wasije wakasema panya amekula na la pili."

Mkuu akacheka. Alicheka kwa raha, akatoa kalamu, akaandika mistari miwili, akatia sahihi na tarehe. Akaondoka na kuacha kopo mezani. Bi Faili akalifunika, akampa tarishi.

Siku ya kikao chumba kilijaa kama alivyotaka. Mbele aliketi Mkaguzi kutoka makao makuu, mwanamke wa miwani asiyetabasamu. Kushoto shemeji wa Mkuu katika shati jipya. Kulia mjane, amekonda. Nyuma yao makarani, majirani, na watu waliokuja kwa mambo yao wakavutwa na udaku. Mama Gundi naye alikuwepo. Alifunga duka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipoumwa.

Mkuu alieleza vizuri. Barua za pingamizi, kama zilikuwepo, ziliharibiwa na panya kwa uzembe wa karani mmoja, ambaye aliadhibiwa.

"Yupo?" Mkaguzi akauliza. "Aje athibitishe."

Mlango ukafunguliwa. Bi Faili aliingia amebeba mabuku mawili na jalada moja, akayapanga mezani bila haraka. Kuna mtu nyuma alinong'ona "Panya Buku," na vicheko viwili vitatu vikasikika.

"Ndiyo," Bi Faili akasema akigeuka. "Ni mimi. Na leo nimewaletea elimu ya panya."

Akafungua buku la kanisa. Akamwonyesha Mkaguzi vijipinde vya meno, manyoya ya karatasi, akamwomba anuse. Mkaguzi akanusa, akarudi nyuma. Kisha Bi Faili akafungua jalada la mjane.

"Sasa hili. Mheshimiwa, pitisha ukucha hapa, ukurasa wa ishirini na mbili, karibu na mshono."

Mkaguzi akapitisha ukucha. Akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akapitisha mara ya pili.

"Huu ni wembe," akasema.

"Huyu ni mla biskuti tu!" Mkuu akaruka kutoka kitini. "Anajua nini huyu kuhusu karatasi?"

"Biskuti niliacha, Mkuu. Ulinipa muda mwingi kule nyuma, nikautumia." Bi Faili hakuinua sauti. Alikuwa ameifanyia mazoezi sauti hiyo kwa miezi miwili. "Jalada lote lingepotea, ungeulizwa wewe mwenye funguo. Likiliwa na panya, naulizwa mimi mwenye droo. Ukachukua wembe, na chenga za biskuti ukazichota mezani kwangu. Ila nakala hukuzijua. Hizi hapa. Na hii hapa ni sahihi yako ya juma lililopita, unaniagiza nilichome jalada kabla ya leo. Nisome kwa sauti, au utasoma mwenyewe?"

Hakusoma. Shemeji yake alikuwa tayari ananyanyuka, akitafuta mlango kwa macho.

"Nisomee mimi," Mkaguzi akasema.

Bi Faili akasoma. Alisoma polepole, neno kwa neno, na alipofika kwenye sahihi akaitaja mara mbili. Chumba kilikuwa kimya hadi tarishi alipopasuka kutoka nyuma: "Kumbe Wembe!" Hapo ndipo kicheko kilipoanguka kama dari. Watu wale wale, makarani wale wale. Bi Faili hakucheka. Alimtazama Mkuu usoni, akanywa aibu yake hadi tone la mwisho, na ilikuwa tamu, wala asije mtu akakudanganya kwamba kisasi hakina ladha.

Mkuu alisimamishwa kazi siku ile ile, na baadaye akafukuzwa na kushtakiwa. Mjane alipata hati yake. Alimshika Bi Faili mikono yote miwili, akalia, akamwita mwanangu. Kisha akauliza, kwa upole tu wa mtu anayetaka kujua:

"Ulizipata lini barua hizi?"

Bi Faili angeweza kusema jana. Akasema, "Miezi miwili iliyopita, mama."

Mjane akatikisa kichwa taratibu. Hakuiachia mikono yake, ila hakusema mwanangu tena.

Walitaka kumrudisha kaunta kwa heshima zote. Akakubali asubuhi tu. Kuanzia saa nane aliomba aachiwe stoo ya nyuma na jiliwa lake, kwa kuwa kulikuwa na miaka kumi na sita ya nakala haijashonwa, na alikuwa amefika mahali pazuri. Mkaguzi akaidhinisha meza mpya.

Mwaka uliofuata, siku ya Jumamosi, alikuwa anatoka dukani kwa Mama Gundi na mdogo wake, wamebeba marobota ya karatasi. Ng'ambo ya barabara alimwona Mkuu wa zamani kwenye foleni ya benki. Alikuwa amepungua. Naye aliwaona, akageuza uso ukutani, akajifanya anasoma tangazo.

"Tupite tu, dada," mdogo wake akasema.

Bi Faili akaweka robota chini, akakusanya viganja mdomoni.

"Wembe! We Wembe! Hujambo?"

Foleni nzima ikageuka. Aliyeitwa akazidi kulisogelea tangazo, hadi pua ikaligusa.

"Mwaka mzima, dada. Bado tu haijatosha?"

Bi Faili akalipandisha robota begani, akavuka barabara mbele ya mdogo wake, na kwa kweli alikuwa analiwaza swali lile.

"Bado kidogo," akasema. "Twende, gundi itaganda."